Lenzi za macho zenye dawa ndani: zinaweza kumsaidia mzee mwenye presha ya macho?

Binti wa Nansio

Habari za jioni wakuu. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Naomba msaada wenu kwa jambo la baba yangu. Nitaeleza kirefu ili mwenye ujuzi anijibu akiwa ameelewa hali yote.

Baba ana miaka 71, anaishi Nansio, Ukerewe. Amevua dagaa kwa karabai zaidi ya miaka thelathini. Miaka miwili iliyopita alianza kugonga vitu vilivyo pembeni yake: mtungi wa maji, fremu ya mlango, ndoo ya jirani. Sisi tukasema ni uzee. Siku aliyopita juu ya dagaa wa shangazi walioanikwa kwenye turubai, mchana kweupe, ndipo nilipompandisha meli nikamleta Mwanza. Akapimwa, wakasema ana presha ya macho, yaani glakoma. Jicho la kushoto limeliwa sana, la kulia limeanza. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba si kama mtoto wa jicho, ambao ukiondolewa mtu anaona tena. Hapa kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki.

Akaandikiwa matone ya latanoprost, tone moja kila jicho, kila jioni. Shida ni mikono. Mikono ya baba inatetemeka, na hataki kuomba msaada.

Mwezi uliopita mbalamwezi ilipokuwa kali, dagaa hawavuliwi, biashara imelala, nikaenda kukaa naye siku sita. Kila jioni nilikaa kimya nikamwangalia. Tone la kwanza linaangukia kwenye shavu. La pili juu ya pua. La tatu likigusa jicho anafumba kwa nguvu, nusu inatiririka hadi kwenye ndevu. Kichupa ni cha mililita 2.5, tuliambiwa kitamfikisha mwezi na zaidi. Nimehesabu kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wa mwisho: kiliisha siku ya 17. Kikiisha hasemi. Anakaa bila dawa mpaka nije.

Sasa juzi mteja wangu mmoja, kijana msomi, alinionyesha kwenye simu habari za lenzi laini, hizi zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, ila zimetiwa dawa ndani na zinaiachia polepole. Naomba kujua: zipo kweli? Zinaachia dawa siku ngapi? Mimi huenda kisiwani kila Jumamosi. Kama ipo ya kukaa wiki nzima, ningemvalisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii, na Jumamosi inayofuata nikambadilishia. Wazo hilo halijanitoka kichwani tangu juzi.

Kijana wa Igoma

Dada, zipo. Kampuni ya Johnson & Johnson ilipata kibali Japani mwaka 2021 na Marekani mwaka 2022. Inaitwa Acuvue Theravision.

Ila nina wazo. Kwa nini usinunue lenzi laini za kawaida kwenye duka la miwani, ukailoweka moja kwenye matone ya mzee usiku kucha, halafu ukamvalisha? Kama plastiki yake inanyonya maji, si itanyonya na dawa?

Muuguzi wa Macho

Kijana wa Igoma, umeuliza kwa nia njema, lakini nakuomba sana wazo hilo liishie hapa hapa, na Binti wa Nansio usilijaribu. Nitaeleza sababu. Mimi ni muuguzi wa macho, mwaka wa 19 sasa, hapa hapa Mwanza.

Kwanza Binti, ubarikiwe kwa ukurasa wako wa mwisho wa daftari. Wagonjwa wengi huniambia "naweka kila siku", nami nikipima presha ya jicho naiona iko palepale. Hawadanganyi. Wanaweka kila siku, ila dawa haifiki. Wewe umetazama ukaona inakokwenda.

Na hata mwenye mikono imara anapoteza nyingi. Machozi yanayokaa kwenye jicho kwa kawaida ni mikrolita 7 hivi. Tone moja kutoka kichupani ni mikrolita 30 hadi 50. Wewe ni mtu wa Mwaloni utanielewa: ni kama kumimina gunia la dagaa ndani ya sado. Kinachozidi kinamwagika shavuni, kingine kinaingia kwenye kitundu kidogo kilicho kona ya jicho upande wa pua, kinashuka puani hadi kooni. Ndiyo maana wengine husema dawa ya macho ni chungu mdomoni. Ndani ya dakika chache kope zimeshafagia. Dawa inayoingia jichoni kweli haifiki asilimia 5 ya tone. Ile iliyoshuka puani inaingia kwenye damu, na kwa dawa kama timololo, tone jingine la glakoma, hilo si jambo dogo: inaweza kupunguza mapigo ya moyo, na mwenye pumu ikambana kifua.

Hapo ndipo wazo la lenzi linapoanzia, na ni wazo la zamani. Lenzi laini zilitokana na kazi ya mkemia wa Kicheki, Otto Wichterle. Mwishoni mwa mwaka 1961 alitengeneza za kwanza nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto. Plastiki yake inakunywa maji na kulainika, inaitwa haidrojeli. Yeye mwenyewe aliona mapema kwamba kinachokunywa maji kinaweza kubeba dawa. Lenzi ikikaa juu ya jicho, kati yake na konea (kile kioo cha mbele) kunabaki machozi membamba sana yasiyofagiwa haraka na kope. Dawa ikivujia humo inakaa zaidi ya nusu saa, badala ya dakika mbili tatu za tone. Kwa hiyo dawa kidogo inafanya kazi kubwa.

Sasa turudi kwa kuloweka. Tatizo la kwanza ni kwamba haidrojeli inaachia dawa kama inavyoinywa. Lenzi iliyolowekwa tu inamwaga karibu yote katika saa chache za mwanzo, halafu siku zilizobaki mzee amevaa plastiki tupu. Hilo limewasumbua wataalamu miaka mingi. Mtafiti Anuj Chauhan na wenzake pale Florida, Marekani, walitia vitamini E ndani ya lenzi ili dawa izunguke njia ndefu kabla ya kutoka. Boston, huko huko Marekani, watafiti Joseph Ciolino na Daniel Kohane walichukua latanoprost, hiyo hiyo ya mzee wako, wakaiweka ndani ya utando mwembamba wa PLGA, plastiki ya jamii ya nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Utando ukazungushwa pembezoni mwa lenzi, katikati pakaachwa wazi ili mtu aone. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya nyani wachache wenye glakoma: lenzi zenye dozi kubwa zilishusha presha ya jicho kuliko matone ya kila siku. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wagonjwa wangu wa visiwani, mmoja mmoja.

Tatizo la pili ni kihifadhi. Matone mengi yana benzalkoniamu kloridi ya kuzuia vijidudu kuota ndani ya kichupa. Lenzi laini inaifyonza na kuikusanya, kisha inaisugua kwenye konea mchana kutwa. Ndiyo sababu mwenye lenzi huambiwa avue, aweke dawa, asubiri dakika 15 ndipo avae tena. Na tatizo la tatu, hakuna anayejua lenzi iliyolowekwa kwenye kikombe nyumbani imebeba dozi gani. Inaweza kuwa haitoshi, inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya tone.

Kuhusu hizo zilizopata kibali: dawa iliyomo ni ketotifeni, mikrogramu 19 kwa kila lenzi. Ni ya kuzuia macho kuwasha kwa mzio. Inavaliwa siku moja, inatupwa. Imekusudiwa watu wanaovaa lenzi za kurekebisha uoni na ambao jicho lao halijawa jekundu. Haigusi presha ya jicho kabisa. Lenzi ya glakoma bado haijaingia sokoni. Nasikitika kukuambia hivyo, najua ulitarajia jibu jingine.

Mama Kulwa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi si mtaalamu, nimekuja kwa ajili ya Binti wa Nansio tu, kwa sababu aliposema atamvalisha mzee lenzi ikae wiki nzima, moyo wangu ulishtuka.

Mwaka 2019 harusi ya mdogo wangu, nilinunua lenzi za rangi kwenye saluni moja. Hakuna aliyenipima, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikavaa Ijumaa, nikalala nazo kwa sababu niliogopa kuzitoa. Jumamosi asubuhi tukaenda ufukweni kupiga picha, nikanawa uso kwa maji ya ziwa. Moja ikatoka, nikaisuuza kwa maji yale yale nikairudisha. Ziwa letu tunalinywa, tunaliogea, tunafulia humo, sikuona kosa.

Jumatatu jicho la kulia lilikuwa jekundu, machozi hayakatiki, mwanga unachoma kama pilipili. Nikaweka dawa ya duka siku nne. Nilipofika hospitali wakaniambia nina kidonda kwenye konea. Nilitiwa matone kila saa, mchana na usiku, kwa siku kadhaa, mume wangu akiweka alamu ya simu. Kilipona, lakini kimeacha kovu. Mpaka leo jicho hilo naliona kama natazama kupitia chandarua.

Binti, unampenda baba yako. Usiweke kitu kwenye jicho lake mpaka mtaalamu aseme.

Muuguzi wa Macho

Mama Kulwa, asante kwa kusema, na pole. Umegusa jambo ambalo nililipita haraka.

Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake inaichukua hewani, kupitia machozi. Ukiifunika kwa lenzi na kufumba jicho usiku unainyima hewa, inadhoofika, na hatari ya kuingiliwa na bakteria inapanda mara kadhaa. Katika maji ya ziwa, ya kisima, hata ya bombani, anaishi kiumbe mdogo sana aitwaye akantamiba. Ukinywa hakudhuru, lakini akinaswa chini ya lenzi anaweza kuila konea kwa maumivu makali, na tiba yake ni ya miezi. Huku kwetu tena tuna kuvu, hasa mtu akichomwa jicho na jani la mhindi au bua la mpunga. Kwa hiyo hata lenzi ya wiki nzima ikija kesho, kwa mzee anayenawa ziwani kila alfajiri itabidi tuijadili kwa makini.

Ila Binti, sikutaka kukuacha mikono mitupu. Nina maswali mawili. Jioni nyumbani kwa mzee kuna nani? Na alipopimwa, kuna aliyewatajia leza?

Binti wa Nansio

Nimewasoma wote, mara mbili mbili. Mama Kulwa, pole sana dada yangu. Baba huoga ziwani asubuhi na jioni, sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo.

Muuguzi, jioni yupo Doto, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 12. Leza hatukutajiwa. Tulipewa karatasi ya dawa, foleni ilikuwa ndefu, tukaondoka.

Naomba niseme kinachoniuma. Nikisoma hayo ya Boston na nyani naona watu wanafikiria tatizo lile lile la baba: kwamba mtu akiachiwa kazi ya kila siku, iko siku ataikosa. Sikuwahi kujua kwamba kuna wasomi wanaolikesha. Nilidhani ni ukaidi wa baba tu, na nilimgombeza. Nimempigia simu leo nikamwomba radhi.

Muuguzi wa Macho

Umefanya vema kumpigia. Na si baba yako tu. Tangu mwaka 1974 kulikuwa na kidude cha kuweka chini ya kope, kiliuzwa Marekani, kinaachia pilokapini, dawa ya kushusha presha ya jicho, kwa siku saba. Wiki ile ile unayoitamani wewe. Hakikudumu sokoni: wengine kiliwachoma, wengine kilidondoka usiku wasijue. Siku hizi Marekani wana vipandikizi ambavyo daktari anaviweka ndani ya jicho lenyewe, kimoja kilipata kibali mwaka 2020 na kingine mwishoni mwa 2023. Njia ni nyingi, nia ni hiyo hiyo moja, kumwondolea mgonjwa mzigo wa kila jioni.

Sasa leza. Sikiliza hili kwa makini kwa sababu ni la nyumbani. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, walifanya jaribio kwa wagonjwa wa glakoma wa Kitanzania. Nusu walipewa matone ya timololo, nusu walipigwa leza inayoitwa SLT, ambayo inalenga njia ya maji ya jicho kutokea ili presha ishuke. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la timololo macho 55 kati ya 176 yalikuwa yamefanikiwa, sawa na asilimia 31. Kwenye leza ni 99 kati ya 163, asilimia 61. Leza haihitaji mikono isiyotetemeka. Haihitaji friji wala Jumamosi. Haimfai kila mtu, na nguvu yake inaweza kupungua kwa miaka ikabidi irudiwe, lakini kwa mzee wa kisiwani ambaye tone linaishia kwenye ndevu, ningeuliza hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Mrudishe kliniki, mwambie daktari kwa mdomo wako: "Matone hayaingii, nimehesabu." Mwonyeshe daftari.

Wakati mnasubiri, mfundishe Doto hivi. Babu alale chali kitandani, asikae. Doto anawe mikono kwa sabuni. Avute kope ya chini kidogo itengeneze kama mfuko, tone lidondokee humo, ncha ya kichupa isiguse jicho. Babu akifumba kwa woga, tone liwekwe kwenye kona ya ndani jicho likiwa limefungwa, halafu afumbue taratibu, litaingia lenyewe. Kisha afumbe bila kukaza, na kidole kikandamize kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili. Hapo unaziba kile kitundu cha kushukia puani. Tone moja linatosha. La pili linasukuma la kwanza nje.

Kichupa kisichofunguliwa kikae kwenye friji, kilichofunguliwa mahali pa baridi pasipozidi nyuzi 25, mbali na jua. Kama nyumbani hakuna friji, kiwekeni ndani ya kikombe kando ya mtungi wa maji, si juu ya dirisha. Andikeni tarehe ya kufungua kwa kalamu ubavuni. Baada ya wiki nne mpaka sita, kufuatana na maelezo ya karatasi yake, hakifai hata kama dawa imebaki.

Kijana wa Igoma

Nimejifunza. Dada, nisamehe kwa ushauri wangu wa kuloweka, ningeweza kumpofusha mzee wa watu. Kama mtakuja Mwanza na mzee na mnahitaji mtu wa kumshika mkono kutoka bandarini mpaka kwenye gari, mimi nina bajaji. Niandikie faragha. Sitataka nauli.

Binti wa Nansio

Wakuu, narudi kuwapa majibu.

Baba alikuja Jumatano iliyopita. Kijana wa Igoma alitupokea bandarini kweli, Mungu ambariki. Nilimwonyesha daktari daftari. Alilisoma, akaguna, akampima baba upya. Presha ya jicho la kulia bado iko juu ya walikotaka iwe. Akasema leza inaweza kumfaa, amemwandikia rufaa na tarehe tumepewa. Nimeuliza pia habari za lenzi zenye dawa. Alisema anazifuatilia na yeye, na kwamba zikija ambazo ni salama, watu wa kisiwani wawe wa kwanza kukumbukwa. Sikutegemea daktari aseme hivyo.

Doto amejua kuweka matone kuliko mimi. Anamlaza babu yake kwenye mkeka, anahesabu kwa sauti mpaka mia na ishirini akiwa amekandamiza kona ya jicho, na babu haruhusiwi kuongea mpaka hesabu iishe. Baba ananiambia kwa simu kwamba sasa hata ule uchungu wa kooni umekwisha.

Kichupa tulichonacho kilifunguliwa tarehe 3. Jumamosi nilikuwa Nansio, tarehe 29, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Bado kina dawa.